Alama ya Shavu

Jumatatu ile Oreste Palazzetti alimletea Settimia vitu viwili: nyama na bunduki. Nyama haikumshtua. Tangu kaka yake Fosco auawe korongoni, na huu ni mwaka wa tatu, kila Jumatatu ya msimu wa uwindaji Oreste alishuka na furushi la nguruwe pori, fungu la Fosco, kana kwamba marehemu bado anahesabiwa kikosini. Bunduki ndiyo iliyomfanya aweke patasi chini na kufuta mikono kwenye aproni.

Hapa Castelpruno hakuna asiyeijua bunduki ile. Siku ya mazishi ya Fosco, Oreste, ambaye ni Mkuu wa kikosi cha wawindaji tangu baba yake afariki, aliapa mbele ya jeneza kwamba hatapiga tena. Mitutu akaifungia kabatini, kama sheria inavyotaka. Kitako chake, kile cha mti wa jozi ambacho Settimia alikichonga kwa mikono yake, akakitundika juu ya meko katika chumba cha kikosi, na Settimia mwenyewe akakifunga utepe mweusi huku machozi yakimtoka. Tangu hapo Mkuu huongoza msako kwa baragumu na mbwa tu. Padri alimtaja kuwa mfano kwenye mahubiri mara mbili. Ukitaka kugombana na watu wa hapa, mseme vibaya Oreste.

"Habari za asubuhi, dada," Oreste alisema, akaulaza mzigo juu ya meza. Utepe ulikuwa bado umefungwa.

"Nzuri, Mkuu. Umeamua kuishusha?"

"Wenzangu wamenichosha. Wanasema sikukuu ya Mtakatifu Uberto, msimamizi wa wawindaji, nirudi na bunduki yangu, nisiwe mpiga baragumu kama kwenye sarakasi. Miaka mitatu inatosha, wanasema. Wewe unasemaje?"

"Mimi fundi mbao tu. Sina la kusema."

"Ila kuna jambo." Oreste alijigusa chini ya jicho la kulia. "Hili limezimika. Kiangazi hikihiki. Daktari wa Perugia anasema kuna kitu kimekufa huko nyuma yake. Ukiliangalia ni zima kabisa, lakini katikati naona ukungu mtupu. La kushoto ndilo zima, naona mpaka chawa wa jirani. Sasa nataka kile kitako kilichopinda."

Settimia alimwonea huruma, tena huruma ya kweli. Kitako kilichopinda alikuwa amekichonga mara mbili tu maishani mwake. Kinakunjwa kama kiwiko, ili mtu aliyezoea bega la kulia aendelee na bega lake lakini mtutu uje mbele ya jicho la kushoto. Ni kazi ya wiki nyingi, na mwenye nacho hawezi kuficha kasoro yake, kwa sababu kila atakayeiona bunduki atajua.

"Pole sana, Mkuu. Kuhamia bega la kushoto haiwezekani?"

"Nina miaka sitini na tisa, dada. Nikihamia kushoto nitajipiga mguu wangu mwenyewe."

Wakacheka. Settimia akaenda kabatini kuchukua bunduki ya kupimia.

Kitako ni kama kiatu: cha mwenzio utakivaa, ila utachechemea. Fundi hupima mkono wa mtu, shingo yake, kifua chake, na umbali kati ya jicho na mfupa wa shavu. Settimia alijifunza kazi hiyo ujanani kule Gardone, mji wa mafundi wa bunduki, na aliporudi alirudi na bunduki aliyoachiwa na mwalimu wake, chuma kitupu kisichoweza kufyatua chochote, chenye kitako cha maungio na skrubu. Unakirefusha, unakifupisha, unakipinda. Mteja huipandisha begani na kulilenga jicho la fundi, naye fundi husimama hatua nne mbele ya mtutu na kumtazama mteja machoni. Fosco, aliyekuwa akishughulikia upande wa vyuma katika karakana ile, alizoea kumtania dada yake kwamba hiyo ndiyo kazi pekee duniani ambayo unaelekezewa bunduki usoni kisha unasema asante.

Alikaza skrubu kwa vipimo vya zamani vya Oreste, vilivyonyooka, ili aanzie alipozoea.

"Fumba macho, Mkuu. Pandisha. Usifumbue mpaka nikwambie."

Mtu aliyepiga miaka hamsini kwa jicho la kulia, ukimfumbisha macho mwili wake unarudi ulikozoea. Shavu la kulia linalala ubavu wa kushoto wa kitako, bila hata kufikiri. Halafu akifumbua, kama jicho limemfia juzi, hapo ndipo anapoanza kuhangaika, kichwa kikitafuta pa kwenda. Settimia aliyajua hayo kwa sababu ndivyo walivyofanya wale wawili wa mwanzo, mmoja mpaka akatukana.

Oreste hakuhangaika. Macho yakiwa yamefumbwa, kichwa chake kilipanda juu ya kitako, kikavukia ng'ambo ya pili, shingo ikajikunja kama ya kuku anayesikiliza, kikatulia.

"Fumbua."

Jicho la kushoto lilikuwa juu ya mtutu, sawasawa, likimtazama. Lile la kulia lilitazama kando, kwenye makopo ya gundi.

Machale yakamcheza Settimia, ingawa hakujua bado ni ya nini.

"Umekuwa ukifanya mazoezi?"

"Mazoezi gani? Sijashika bunduki tangu siku ya Fosco. Si unajua?" Oreste aliishusha ile bunduki. "Kwani nimekosea?"

"Hujakosea. Umepatia mno."

Aliandika vipimo kwenye daftari lake, mkono ukienda polepole kuliko kawaida. Oreste alikuwa ameshafika mlangoni alipogeuka, kofia mkononi.

"Halafu kile cha zamani usinirudishie. Kitie jikoni kiungue. Kina mkosi kile."

Akaenda zake. Settimia alibaki amesimama. Kwa miaka thelathini na minane ya ufundi hakuwahi kusikia mwindaji akisema kitako chake kichomwe. Watu huviweka vitako vyao vya zamani darini pamoja na vitanda vya watoto waliokwisha kuoa. Wapo wanaozikwa navyo. Na mti ule wa jozi ulitoka kwenye shamba la baba yake Oreste, ulikaushwa miaka kumi na miwili kabla haujaguswa na msumeno. Mtu hachomi kitu kama hicho hivihivi.

*

Siku ile ya korongo la Tassi ilikuwa Jumapili ya tatu ya Novemba, saa tano asubuhi, ukungu umekwisha kuondoka. Wawindaji kumi na watano walikuwa wamepangwa kando ya korongo, kila mtu kituo chake. Fosco alikuwa chini, karibu na maji. Kwenye kituo kilichofuata alikuwa Duilio Mencaroni, mwenye baa. Mkuu alikuwa juu yao kwenye njia ya mbwa.

Kikosini kuna sheria ambayo hata mtoto anaijua. Aliyepiga na kuangusha hupaza sauti papo hapo: "Wangu!" Ndivyo wenye mbwa wanavyojua waende wapi. Siku ile, baada ya milio mingine ya asubuhi, ulisikika mlio mmoja mzito, kisha hakuna aliyepaza sauti. Ukimya ule ndio uliowafanya watu waanze kukimbia.

Kabla polisi wa karabinieri hawajapanda mpaka kule, Mkuu alikuwa ameshawapanga watu mstari na kuinusa mitutu yao mmoja mmoja. Bunduki nne zilinuka baruti. Watatu walikuwa na nguruwe wa kuonyesha. Wa nne, Duilio, hakuwa na kitu. Alisema alipiga mara mbili akakosa. Risasi yenyewe, ile nene ya nguruwe, ilikuwa imempita Fosco na kupotea kwenye majani, na wataalamu wakasema kwamba hata ingepatikana, mitutu iliyo laini ndani kama hiyo haiachi alama ya kumtambulisha mwenyewe. Jalada likafungwa.

Watu hawakulifunga. Fosco alikuwa amevaa kizibao cha rangi ya chungwa kinachowaka kama moto. Hakuna mwindaji mwenye macho yake anayeweza kumchanganya mtu wa namna hiyo na nguruwe. Basi, wakasema, aliyempiga alimwona. Na kama alimwona, ni makusudi. Na nani aliyekuwa amegombana na Fosco mwezi mzima kwa ajili ya mbwa wa kike na watoto wake? Duilio.

Aliyeipigilia misumari habari hiyo alikuwa Settimia. Makaburini, Duilio alimfuata na kumnyooshea mkono kumpa pole, kijiji kizima kinatazama. Settimia akautazama ule mkono mpaka ukashuka wenyewe. Tangu siku hiyo meza za karata zilihamia kwingine, binti yake Duilio akahamia Perugia kwa kuchoka kuitwa mtoto wa muuaji, na Settimia akawa anashuka kilomita tatu kila asubuhi kunywa kahawa mji wa chini, mvua au jua, ili asivuke mlango wa baa ile.

*

Jumanne asubuhi alikisogeza kitako dirishani, kwenye mwanga mweupe. Kwanza alifungua kile kibao cha nyuma kinachokaa begani. Ndani yake ulikuwepo mwandiko wake wa penseli: herufi zake mbili za jina, na tarehe, Machi ya mwaka uleule aliokufa Fosco. Alikumbuka. Oreste alikileta kikiwa kimechakaa, naye Settimia akakisugua upya mpaka kwenye mbao tupu, akakipaka mafuta ya kitani mara kumi na mbili kwa kiganja. Kilitoka hapa kikiwa kimeng'aa sawasawa pande zote, hakina hata alama ya kidole.

Kisha akafungua utepe. Fundo lilikuwa lake, lile la mara mbili analofungia mbao wakati gundi ikikauka. Hakuna aliyeligusa. Chini ya utepe mbao zilikuwa safi, na kwingine kote miaka mitatu ya moshi wa meko ilikuwa imelala juu ya kitako, ngozi nyembamba ya rangi ya kahawia.

Akaanza kutafuta alama ya shavu.

Kila kitako kina alama hiyo. Ndevu, jasho na mafuta ya ngozi hula ung'avu palepale mtu anapolaza uso, na hakuna wawili wanaofanana. Ya Oreste, aliyempima mara ya kwanza akiwa kijana wa miaka arobaini na tatu, ilikuwa siku zote ubavu wa kushoto, ukubwa wa yai. Settimia alipitisha kidole pale. Paling'aa. Paling'aa kama siku alipopamaliza.

Alama ilikuwa juu ya mgongo wa kitako, nayo ikavukia ubavu wa kulia.

Alivuta kiti akakaa. Halafu akajibishana na nafsi yake kama mwanasheria. Labda ameitumia kiangazi hiki, baada ya jicho kufa. Labda ameingia mle chumbani siku moja, akakishusha, akajaribujaribu. Akachukua pamba, akaitia spiriti, akaipitisha juu ya alama, nusu tu. Moshi ukatoka na pamba. Ulikuwa umeifunika alama nzima, sawasawa, bila kukatika. Chini ya moshi ndipo palipokuwa pamelika.

Alama ilikuwepo kabla ya moshi. Oreste alikuwa akipiga kwa kuvukisha kichwa toka mwaka ule, kati ya Machi na Novemba. Jicho halikufa kiangazi hiki. Lilikuwa limekwisha kufa Fosco alipokuwa hai.

Na mtu akiharakishwa hulenga kwa jicho alilolizoea, na jicho lililojaa ukungu halioni rangi ya chungwa.

Argia, jirani yake na shoga yake tangu utotoni, aliingia bila kubisha hodi, kikapu cha uyoga mkononi, akamkuta amekaa na pamba imemkaukia vidoleni.

"Umeona jini?"

"Argia, wewe ulikuwa unapika kule kwenye uwanja wa sahani za kulenga. Mwaka ule wa Fosco. Mkuu alikuwa anakuja?"

"Mkuu? Kila Jumatano, peke yake! Tulimcheka. Sahani za udongo alizorushiwa hewani zilikuwa zinatua nzima, tungeweza kulia pasta." Argia alicheka, kisha akaacha. "Kwa nini unauliza?"

Settimia alimwonyesha. Argia hajui mbao lakini si mjinga. Alitazama ile nusu iliyosafishwa na ile nusu yenye moshi, kikapu kikamponyoka, akaanza kurudisha ndani uyoga uliodondoka, mmoja mmoja.

"Settimia. Yule ndiye aliyekuletea nyama miaka mitatu."

"Nami nimeila."

"Alibeba jeneza!"

"Upande wa mbele, ndiyo. Nakumbuka."

"Labda amelala vibaya, shingo ikamkaza, ndiyo maana akawa anainamisha kichwa. Sijui mimi. Ila usianzishe jambo karibu na sikukuu kwa ajili ya doa kwenye ubao. Watakula nyama yako badala ya nguruwe." Alifika mlangoni, akarudi, akanong'ona kana kwamba Oreste yuko chini ya meza: "Nani alinusa bunduki yake yeye siku ile?"

Hakuna. Settimia alikwisha kulifikiria hilo. Kumi na watatu walinuswa, na aliyenusa alikuwa wa kumi na nne. Bunduki yake ilinuka, bila shaka, kila mtu alijua kwamba asubuhi na mapema alimmalizia nguruwe aliyejeruhiwa na mbwa. Karabinieri walipouliza, watu kumi na watatu walimtolea ushahidi. Hakuna aliyemwuliza amepiga mara ngapi.

*

Hata hivyo Settimia hakuwa mtu wa kuhukumu mara ya pili bila kumsikiliza mtu. Mara ya kwanza ilikwisha kumtokea puani. Alhamisi Oreste alipokuja kuchagua gogo la mti wa jozi, alimwekea matatu mezani, akamwacha ayapapase.

"Jicho lilianza kukusumbua lini hasa, Mkuu?"

"Si nilikwambia. Julai."

"Kabla ya hapo halikuwa na ukungu hata kidogo? Mwaka mmoja nyuma, miwili, mitatu?"

Mkono wa Oreste ulisimama juu ya gogo la katikati. Alimgeuzia uso, jicho la kushoto likiwa mbele kidogo, na Settimia akashangaa jinsi watu wote, yeye fundi akiwemo, walivyoishi na kichwa kile kilichogeuka upande bila kukiona.

"Unauliza kama daktari."

"Nauliza kama fundi. Kwa ugonjwa wa zamani na wa juzi, kitako hakipindwi sawa."

"Julai," alisema. "Nakuapia kwa kaburi la Fosco." Kisha akashusha pumzi na kuweka kiganja begani mwake, kiganja kizito cha kirafiki. "Najua linalokusumbua, dada. Mwezi wa Novemba ukikaribia unarudi kulekule. Mimi pia. Kila nikimwona yule mbwa wa baa akifuta vikombe vyake, damu inanichemka. Lakini Mungu anamwona Duilio. Tumwachie."

Angenyamaza hapo, labda Settimia angelala siku mbili akijitilia shaka. Lakini aliapia kaburi, kisha akamtaja Duilio, na akamtaja bila kuulizwa. Hasira ilimpanda Settimia mpaka masikio yakavuma. Akatabasamu.

"Umechagua la katikati?"

"La katikati. Na kile cha zamani umekichoma?"

"Jiko limejaa majivu," Settimia alisema, na hilo halikuwa uongo.

*

Jumapili alasiri kikosi hugawana nyama. Meza ndefu, na juu yake mafungu sawasawa, paja na mbavu na maini, fungu moja kwa kila mtu, mengine mawili kwa mbwa na moja la marehemu. Ili asiwepo wa kusema amepunjwa, Mkuu huupa umati mgongo na kuutazama ukuta. Mmoja hunyoosha fimbo kwenye fungu lolote na kuuliza, "La nani?" Mkuu, bila kuona, hutaja jina. Kwa kawaida wanawake hawaendi. Hakuna aliyewakataza, ila kunanuka.

Settimia aliingia na kapu la kamba begani. Oreste alikuwa ameshageuka, uso kwenye meko, na juu ya meko ulikuwepo msumari mtupu pale kitako kilipokuwa kikining'inia. Quinto, mwuza mbao, ndiye aliyeshika fimbo. Settimia akamwomba fimbo kwa ishara tu. Quinto akaona ni mambo ya sikukuu, akampa huku akikonyeza wenzake.

"La nani?" Settimia aliuliza.

Mabega ya Mkuu yalicheka. "Oho, leo tuna mgeni! La Nello."

"La nani?"

"La Quinto."

"La nani?"

"La Fosco wetu," alisema Mkuu, na wanaume wawili wakavua kofia.

Settimia akaingiza mkono kapuni, akakitoa kitako na utepe wake, akakiweka katikati ya mafungu. Kiligonga meza. Nyama haigongi. Mgongo wa Oreste ulikakamaa kwa mlio ule, na wote chumbani waliuona ukikakamaa.

"Na hiki ni cha nani, Mkuu?"

Nje mbwa walikuwa wanagombania utumbo.

"Nilikisugua upya Machi ya mwaka ule. Tarehe imo ndani, kwa penseli, yeyote asome. Novemba nikakifunga utepe huu, na tangu hapo kimekula moshi wenu. Alama ya shavu lako iko upande usio wake, Oreste, na moshi uko juu yake. Nimesafisha nusu, nyingine nimewaachia hawa. Nionyeshe ni Julai gani hiyo."

Nello, ambaye anatengeneza viti na anajua mbao, aliinama juu ya meza. Alipitisha kidole ubavu wa kushoto, kisha mgongoni, kisha kulia. Alipitisha mara mbili. Halafu akajifuta kidole kwenye suruali.

"Mkuu," alisema, "geuka."

Oreste hakugeuka. Alikuwa anautazama ule msumari.

"Changu," alisema hatimaye.

"Na wa korongoni?" Settimia aliuliza, na sauti ikamsaliti, ikatoka nyembamba kama ya msichana. "Aliyevaa rangi ya chungwa. Yule ni wa nani?"

Kilichofuata, waliokuwepo wanasimulia kila mtu kivyake, ila kwenye hili wanakubaliana: Oreste aliinua kidevu, kama mtu anayetaka sauti ifike ng'ambo ya bonde, akapaza:

"Wangu!"

Ilichelewa miaka mitatu. Settimia alishika ukingo wa meza.

Mengine yalitoka vipandevipande, bado akiutazama ukuta. Aliona kitu cheusi kinatembea, hakuona rangi: kwa haraka alilenga kwa jicho la zamani, kichwa hakijavuka. Alishuka akakuta ni nani. Alikuwa na muda wa kupaza sauti, akajikuta anawapanga watu mstari. Aliwanusa ili wasimnuse. Angesema habari za jicho, wangemnyang'anya kibali na kikosi, na baba yake alikufa akiwa Mkuu.

"Kwa nini bunduki uliniletea mimi?" Settimia aliuliza. "Gardone wako mafundi mia."

"Ningempelekea mwingine mngeuliza kwa nini," Oreste alisema, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida kabisa.

Nello alitoa simu kuwaita karabinieri. Quinto akachukua funguo za gari lake, akasema heri ampeleke mwenyewe. Hakuna aliyeugusa mgawo tena. Settimia alichukua fungu la Fosco, akalifunga kwenye karatasi, akatoka.

*

Baa ilikuwa na watu watatu na televisheni. Duilio alikuwa nyuma ya kaunta anafuta vikombe ambavyo havikuwa vichafu. Alipomwona mlangoni alikiweka chini alichoshika, polepole, na kumtazama mikono kwanza, kisha furushi, kisha mlango nyuma yake, kama kuna mwingine anayekuja.

"Umefuata nini?"

"Ni Oreste," Settimia alisema. "Amesema mwenyewe, mbele ya wote. Quinto anampeleka kituoni."

Mmoja wa wale watatu akazima televisheni. Duilio hakubadilika uso. Labda alikuwa amekwisha kuisikia habari hiyo mara elfu kichwani mwake mpaka haikuwa na ladha tena.

"Mimi nilikwambia palepale makaburini."

"Hukuniambia kitu. Ulinyoosha mkono."

"Ndiyo hivyo. Nilinyoosha mkono."

Settimia aliweka furushi kando. Alitaka kusema kwamba alikosea, kwamba hakulala, kwamba ataandika barua kwa binti yake kule Perugia. Aibu ikamzidi. Basi akanyoosha mkono wake juu ya kaunta, mkono mweusi wa mafuta ya kitani, mbele ya wale watatu.

Duilio aliutazama. Kisha akachukua kitambaa chake na kuanza kufuta mkono wake mwenyewe, kidole kimoja baada ya kingine, kiganja, kifundo, akarudia kidole cha kwanza, kama mtu ambaye hana haraka na hajaamua. Settimia hakuushusha wake.

Bega lilianza kumuuma. Akaegemea kaunta kwa mkono mwingine, na kusubiri.